Redio iliyomeza kaseti
Kaka, hiyo kaseti ya taarabu iliyogoma kutoka kwenye redio ya gari lako usiichokonoe kwa kisu, utaharibu kichwa cha kusomea. Zima gari, chomoa waya wa hasi kwenye betri kama dakika 10, rudisha, kisha bonyeza kitufe cha kutolea bila kuachia. Ukisikia mota inalia lakini kaseti haisogei, mara nyingi utepe umejiviringisha kwenye kile kigurudumu cha mpira. Hapo huna ujanja: fungua redio, kata utepe kwa wembe, uvute taratibu kwa kibano. Yangu ilinifanyia hivyo Raskazone, kule Tanga ufukweni, na hewa ya chumvi ilishakula springi. Kama ni kimya kabisa, angalia fyuzi. Halafu redio nyingine zikikatiwa umeme hudai namba ya siri ndipo ziwake tena, itafute kabla hujagusa betri!