"Sharp" si "kali" tu: neno lililoninyima mteja

Juzi msomaji ameniandikia. Anaanza kazi ya kutafsiri, na amekwama kwenye neno "sharp": kila akifungua kamusi anakuta "kali", na kila akiandika "kali" sentensi inamgomea. Amenitumia na sentensi yenyewe, kutoka kwenye hadithi: mwanamke anafungua mlango, halafu inasikika "a sharp intake of breath". Yeye ameandika "uvutaji mkali wa pumzi".

Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Hakujua kwamba ametonesha kidonda.

Mwanzoni mwa kazi yangu nilipewa taarifa ya biashara, kurasa arobaini na kitu. Humo mlikuwa na kampuni iliyolaumiwa kwa "sharp practice". Nami kwa kujiamini kote nikaandika "mazoezi makali". Sikusita. "Sharp" ni kali, "practice" ni mazoezi, twende ukurasa unaofuata. Kazi ilirudi baada ya siku nne. Maneno yale mawili yamezungushiwa kalamu nyekundu, mduara juu ya mduara mpaka karatasi imekwaruzika, na pembeni pameandikwa: "Ndiyo nini hii?" Basi. Sikupigiwa simu, sikuelezwa kosa, na kazi nyingine kwa mteja yule sikuipata tena. Kosa lilikuwa langu, nalikubali. Lakini mtu aliyejua jibu angeweza kuniandikia maneno mawili ya kunifundisha, na hilo linaniuma mpaka leo.

Maana ya "sharp practice", kwa wasiojua, ni hila za kibiashara: ujanja unaotambaa ukingoni mwa sheria bila kuivunja waziwazi, ila haki haimo.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya mfasiri ninayejivunia kuwa leo. Nililifuata neno hadi kwao. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "scearp", ndugu yake "scharf" la Kijerumani na "scherp" la Kiholanzi. Wanaisimu wanalirudisha nyuma zaidi, kwenye mzizi wa Kihindi-Kiulaya, lugha mama ya kale ya lugha nyingi za Ulaya na India, wenye maana ya kukata. Mzizi huo ndio uliozaa "short", kilichokatwa kikawa kifupi. "Share", fungu lililokatwa. Na "score", alama iliyochanjwa kwenye kijiti cha kuhesabia, ikaja kumaanisha 20.

Hapo macho yakanifunguka. Picha ikiwa "sharp", mpaka kati ya kitu na kitu umekatwa wazi. Sisi tunasema inaonekana vizuri. Saa tatu "sharp", muda umekatwa palepale. Sisi tunasema saa tatu kamili. Aliyevaa "sharp" ni mtanashati. Kona na maumivu vinakubali "kali" bila ugomvi. Lakini mwalimu wetu mkali ukimwita "sharp" umemsifu akili, hukusema chochote kuhusu ukali wake! Kijerumani kinatukaribia zaidi: pilipili kali ni "scharf", na hata mbwa mkali huitwa hivyohivyo. Mwingereza pilipili anaiita "hot".

Tazameni na "acute", neno jingine la Kiingereza tunalokimbilia kuliita "kali". Limetoka kwenye Kilatini "acutus", kilichonolewa, ndugu wa "acus", yaani sindano. Waliotupa "pembe kali" ("acute angle") na "pembe butu" ("obtuse angle") kwenye hisabati walifanya kazi ya kupigiwa saluti, maana "obtusus" kwa Kilatini ni kilichofanywa butu. Ila hospitalini "acute" ni hali iliyoanza ghafla, kinyume cha sugu, na inaweza kuwa nyepesi kabisa. Mfasiri anayeandika "kali" pale anamtisha mgonjwa bure. Neno hilohilo lilikatwa kichwa katika karne ya 18 likawa "cute", kwanza kwa maana ya mwerevu. Maana ya kupendeza ilikuja baadaye, huko Marekani.

Ndugu zangu, someni kamusi mpaka mwisho wa kidahizo, yaani neno na maelezo yake yote. Mmeona maana ya kwanza, msikimbie. Someni ya pili, ya tano, na pale pembeni palipoandikwa asili ya neno, someni pia. Najua tarehe ya kukabidhi kazi inawakimbiza. Mimi pia ilinikimbiza, na niliwaambia ilinifikisha wapi. Kabla hujaandika "kali", jiulize hapa kinachokata ni nini, na kinachokatwa ni nini. Usipopata jibu, hujaielewa sentensi, na ambaye hajaielewa hana haki ya kuitafsiri.

Msomaji wangu nilimwandikia hayohayo, kwa urefu, lakini sikumpa tafsiri. Jana asubuhi akanirudishia sentensi yake: "Alifungua mlango, akagutuka, pumzi ikamkatika."

Nikamjibu: peleka hivyohivyo, usiguse kitu.