Weka nyundo chini kwanza! (DT 125 ya mzee haina karenti)

Mdogo wangu ngoja. NGOJA. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala nikapitilizwa kituo, najibu nikiwa nimesimama juani hapa, kwa hiyo nisamehe maandishi.

Umesema DT 125 (ile Yamaha) ya marehemu mzee imelala bandani miaka sita, umeiosha, umeweka plagi mpya, umepiga kiki mpaka goti linauma na karenti hakuna. Fundi wa mtaani kwenu akakwambia platini (vile vichuma viwili vinavyofunguka na kufunga ili plagi itoe moto) zimekufa, ziko nyuma ya sumaku (gurudumu zito la pembeni ya injini linalozalisha umeme), na Jumamosi anakuja mtoe hiyo sumaku "kwa nyundo ya kilo mbili na patasi, dakika kumi tu". Halafu umeuliza na habari ya oili, tangi lenye kutu na kadi ya pikipiki iliyo na jina la marehemu. Na watu humu wote wamekimbilia kadi! Kurasa mbili za mirathi na kodi, hakuna hata mmoja aliyeiona hiyo nyundo. Mimi nimeiona nyundo tu.

USIIGONGE HIYO SUMAKU. Kama huna pula (kifaa cha kuivuta itoke bila kugonga), huigusi. Ukiishia hapa kusoma utakuwa umeshapata ninachotaka kusema.

Sasa nikwambie kwa nini napiga kelele. Mimi 2015 nilinunua DT 125 kwenye mnada, pikipiki iliyokuwa ya bwana shamba huko nyuma, imechoka ila injini iko vizuri, compression unaisikia kwenye kiki. Ikatembea miezi minane bila shida. Siku moja imelala nje kwenye mvua, asubuhi haina karenti. Fundi wa kijiweni, mtu ninayemheshimu kabisa wakati ule, akaangalia plagi akasema maneno yaleyale ya fundi wako, neno kwa neno, mpaka najiuliza wanasomea chuo kimoja. Nikamuuliza hakuna kifaa maalum cha kutolea? Akanicheka. "Bosi, Yamaha za zamani ngumu hizi, gonga tu."

Akafungua nati ya katikati, akaitoa kabisa, akapiga ncha ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni, sumaku imefungwa kwenye ncha yake). Sumaku haikutoka. Akapiga tena. Mimi huku namshikia pikipiki isianguke, yaani nimelipa hela na nimeshikilia kabisa ili niumizwe vizuri. Pigo la nne au la tano ncha ya krenki ikapanuka kama kichwa cha uyoga, nyuzi zote za mwanzo, zile za kufungia nati, zikalala. Hapo mtu mwenye akili anaacha. Yeye akachukua patasi akaingiza nyuma ya sumaku akawa anabinya huku anagonga ukingo wake kwa pembeni, na huko nyuma ndiko kuna koili, patasi ikapita kwenye koili ya taa ikakata nyaya zake kama tambi. Mwishowe sumaku ikatoka na kipande kimoja cha sumaku yenyewe ndani kimelegea kwenye gundi. Akaniangalia akasema "imetoka". Ndiyo, imetoka.

Akaweka platini mpya, kondensa mpya, akachonga zile nyuzi kwa faili ya pembetatu mpaka nati ikakubali kwa shida, akafunga. Ikawaka. Nakwambia ilivyowaka nilimpa na hela ya soda juu.

Ila ikawa na mtetemo ambao haukuwepo. Kwenye spidi ndogo huusikii, ukifika 60 vioo vinaonyesha watu watatu watatu na vidole vinakufa ganzi. Nikamrudia, akasema ni nati za kushikilia injini, akazikaza. Nikamrudia, akasema ni tairi. TAIRI! Wiki ya tatu napanda mlima wa Ipogolo kuja mjini, nyuma yangu moshi mweupe mpaka basi lililokuwa linanifuata likawasha taa, halafu kelele kama mtu anasaga kokoto, halafu kimya. Nikaisukuma mlima wote ule na wanafunzi wananishangilia.

Iko hivi, na hili ndilo fundi wako halijui au analijua ananyamaza. Krenki ya hizi pikipiki za pistoni moja siyo kipande kimoja kama ya gari. Ni magurudumu mawili ya chuma, katikati kuna pini ya konrodi (mkono unaoshika pistoni), na vimeshikana kwa kubanwa na presi tu. Hakuna nati, hakuna kulehemu. Kiwandani wanainyoosha mpaka kuyumba kwake kusizidi kama 0.03 mm, hiyo hata unywele wako ni mnene kuliko hapo. Sasa wewe unasimama unaipiga nyundo ya kilo mbili kwenye ncha au kwenye ukingo wa sumaku, unategemea nini, vile vipande vinapinda kidogo kwenye pini, kwa macho huoni kitu, inawaka vizuri kabisa. Halafu kila mzunguko krenki inachezea beringi zake, na beringi ikianza kucheza inakula sili (mpira wa kuzuia oili) iliyo jirani yake, na kwenye injini hizi za oili ya kuchanganya sili ya upande wa klachi ikifa injini inaanza kunywa oili ya giaboksi. Huo ndio ulikuwa moshi wangu wa Ipogolo. Watu wakiona moshi mweupe hivyo wanakimbilia ringi, wanafungua juu, wanaweka pistoni mpya, moshi uko palepale.

Bili nimeitunza mpaka leo, karatasi iko kwenye boksi la spana ili inikumbushe. Sumaku ya mtumba elfu 90. Kunyoosha krenki kwenye presi elfu 70, na hapo nilibahatika jamaa anajua kazi na ana geji ya kupimia siyo wa kubahatisha kwa macho. Beringi mbili na sili zake elfu 52. Gasketi elfu 25. Kupasua injini na kufunga elfu 60. Nauli ya Dar kwenda na kurudi mara mbili kutafuta spea Kariakoo laki moja, sababu safari ya kwanza niliuziwa sili siyo. Jumla 397,000. Pula niliyokuja kuinunua baadaye? Elfu 18. Mke wangu hiyo hesabu anaijua kwa kichwa, akinikasirikia kwa jambo lolote hata la chumvi anasema "elfu kumi na nane" halafu ananyamaza.

Na bado hujasikia kinachouma. Pikipiki imepona, nimeipeleka kwa fundi umeme anirudishie taa na swichi maana nyaya zilikuwa zinaning'inia. Anaunganisha waya wa kuzimia injini, karenti ikakatika papo hapo! Akauchomoa, karenti hii hapa. Akaunganisha, hakuna. Kumbe ule waya ulikuwa umechubuka chini ya tangi unagusa bodi, yaani ni kama swichi imezimwa, siku ile ya mvua ndiyo ukamaliza kabisa. Platini zangu za zamani zilikuwa nzima. Siku yule bwana anafungua aliuchomoa ule waya umpishe, hakuurudisha, ndiyo maana ikawaka, na mimi nikampa hela ya soda! Injini imepasuliwa kwa ajili ya waya uliotaka kufungwa kwa utepe mweusi wa shilingi mia tano tu.

Simtaji jina na hayuko kijiweni siku hizi. Siyo mtu mbaya. Lakini mtu akikwambia "gonga tu" muulize atalipa yeye? Kuna na wale wa video, mmoja nimemwona juzi anagonga sumaku anacheka kwenye kamera, watu elfu kadhaa wamempigia makofi. Hakuna video ya wiki tatu baadaye.

Kwa hiyo Jumamosi mpigie fundi mwambie umepata msiba, homa, chochote, asije. Fungua mfuniko wa upande wa kushoto tu (toa kwanza pedali ya gia). Fuata waya mweusi wenye mstari mweupe unaotoka kwenye sumaku kwenda kwenye swichi, ndio huo wa kuzimia, uchomoe pale kwenye soketi yake chini ya tangi, plagi iegemeze kwenye hedi, piga kiki. Ikitoa moto, umemaliza, tafuta ulipochubuka. Isipotoa, angalia sumaku yenyewe usoni, ina madirisha! Izungushe kwa mkono taratibu mpaka platini zionekane dirishani, miaka sita bandani lazima zimeshika ukungu, pitisha msasa laini kabisa uliokunjwa, halafu karatasi safi yenye petroli kidogo kufuta, na uwazi wake zikifunguka mwisho uwe 0.3 hadi 0.4 mm. Hayo yote sumaku iko mahali pake, hujaitoa. Nadhani nusu ya sumaku zinazogongwa nchi hii hazikutakiwa hata kufunguliwa.

Ikikataa kabisa hapo sawa, kondensa au koili, inabidi itoke. Kwa PULA. Nenda dukani na picha ya nyuzi za katikati na kipimo chake, maana pula zinafanana ila nyuzi siyo moja, na nyingine zinafunga kinyume, ukilazimisha isiyo yake utaua nyuzi za sumaku halafu utarudi kwenye nyundo. Ifunge mpaka nyuzi zake zote ziingie, siyo tatu nne, ndipo ukaze bolti ya katikati. Kaza, pumzika, weka mafuta ya kulegeza kutu, kaza tena. Itatoka na mlio PAH utaruka, ni kawaida, imekaa kwenye koni kavu miaka arobaini. Usichome na gesi, joto linaua sumaku na nyuma yake kuna sili ya mpira. Na ile ujanja ya kuingiza kamba kwenye tundu la plagi ili pistoni isizunguke usiifanye kwenye hii, silinda ina madirisha pembeni, kamba inaingia inabanwa humo, mtafute mtu akushikie kwa mkanda. Kuna kichuma cha nusu mwezi kwenye krenki, mafundi wanakiita kii, kikianguka kwenye mchanga usikuze wasiwasi ila kitafute, na kama kimekatika kidogo nunua kingine, taimingi yote (wakati wa plagi kutoa moto) imekaa hapo.

Oili, ile pampu yake ya kuichanganya na petroli imelala miaka sita usiiamini, anza kwa kuchanganya mililita 40 kwa kila lita ya petroli mpaka uone kwa macho inavuta. Itatoa moshi zaidi, poa tu.

Tangi na kadi... wenzangu wamesema kitu huko juu, sijasoma vizuri. Wewe chomoa ule waya leo jioni kabla giza halijaingia, piga kiki, uniambie plagi imefanya nini.