Wiki Moja Konde: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu Rukia,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama yako naye asikie. Umeuliza mambo mawili. La kwanza, ile wiki ya Konde ya Desemba 2003 niliipanga vipi, kwa kuwa unataka kuwapeleka wanao Pemba likizo hii. La pili, kwa nini niliwalimisha wewe na kaka yako bustani ambayo siku ya saba tuliiacha, tukapanda boti kurudi Dar. Hili la pili naona umekaa nalo miaka mingi. Nitalijibu mwisho, maana nami nimekaa nalo.

Ile wiki niliipanga kwa maji. Kabla ya kukata tiketi nilimpigia ami yako nikamuuliza mwezi unaandama lini, ili tufike bamvua ikianza, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kutoka sana. Siku za bamvua, upande wetu maji hutoka yakaisha kama saa nne asubuhi, yakajaa tena kama saa kumi jioni, na kati ya kupwa na kujaa tofauti hufika karibu mita 4. Halafu kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo wiki moja hukutoa kwenye bamvua ikakufikisha maji mafu, yanayojaa kidogo na kutoka kidogo. Pale mlipokuwa mkikimbizana na kaa siku ya kwanza saa nne, siku ya saba saa ile ile mtumbwi ulikuwa unaelea. Ukilijua hilo huna haja ya ratiba. Maji yakitoka, shukeni kwa miguu horini, kule mkono wa bahari unakoingia kwenye mikoko. Yakijaa, ombeni mtumbwi. Jua likiwa kali, kaeni chini ya mikarafuu na watu wanaochambua karafuu, wanao wajue harufu ya mkeka ulioanikwa.

Na usiende horini bila maji ya kunywa. Unakumbuka siku ya tano? Tulitoka asubuhi maji yamejaa, ami yako nyuma na upondo, mimi na kafi, wewe mbele na kopo la kutolea maji mtumbwini. Ami alisema tugeuze. Mimi nikasema kidogo tu, niwaonyeshe chaza walivyoganda kwenye mizizi ya mikoko. Ile kidogo tu ikatuweka matopeni tangu saa nne mpaka alasiri, watoto wawili na vipande vinne vya muhogo wa kuchemsha. Kosa lilikuwa langu, na nilimwomba ami yako radhi mbele yenu.

Lakini ni siku hiyo ulipoiona mbegu ya mkoko. Ilidondoka mbele yetu ikasimama wima kwenye tope, ndefu kama mkono wako, kijani, ncha imezama. Ukauliza nani ameichomeka. Ami akakuinulia tawi ukaona nyingine zinaning'inia: mkoko mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti, ikianguka iko tayari kushika. Ukaziokota zilizolala ukawa unazisimamisha moja moja, mpaka maji yakarudi kwenye vifundo vya miguu yako. Hukutaka kupanda mtumbwini.

Msitu wa Ngezi wapeleke alfajiri, na mchukue mwenyeji pale langoni. Wanao wainue vichwa wautazame mvule mpaka shingo ziume. Popo wakubwa wa Pemba, wale ambao mabawa yakikunjuliwa hupita mita moja na nusu, hawapatikani kisiwa kingine chochote duniani. Nilipokuwa kijana watu waliwawinda kwa kitoweo, wakapungua sana, mpaka vijiji kama Kidike vikaanza kuwalinda wenyewe. Waambie wanao hivyo, kwamba ni wanakijiji waliowarudisha. Usiku mkae barazani msikilize bundi, yule naye ni wa Pemba peke yake.

Sasa bustani.

Babu yako alifariki Juni mwaka ule. Bibi yako alikuwa amemaliza eda tangu mwisho wa Oktoba, lakini hakutoka. Ami yako aliniambia kwa simu: kila nikija namkuta amekaa pale pale, chai imepoa. Sikujua la kumfanyia. Kumleta Dar alikataa. Nikawaza kumwachia kitu ambacho kesho asubuhi kitamdai.

Ndiyo maana siku ya kwanza tu tulishika jembe. Tukaweka ua wa miti na makuti kuzuia kuku, matuta manne, samadi, majivu ya jikoni, na vifuu vya nazi mlivyovipanga pembeni kwa mikono yenu. Mchicha ulichomoza siku ya nne. Bamia lilichungulia asubuhi ya kuondoka, wewe umeshavaa viatu, ukarudi mbio kwa bibi ukamwambia, "Bibi, usisahau kumwagilia, hata siku moja." Sikukufundisha kusema vile.

Hakusahau. Ami yako alipiga simu wiki ya pili akasema mama anakwenda kisimani alfajiri na ndoo. Wiki ya nne akasema amempelekea jirani mchicha, amekaa huko mpaka adhuhuri. Mimi nilitoka nje ya ofisi nikalia.

Ule mfuko wa bamia zilizokauka ulioletewa Machi, ukasema hazipikiki, alikuletea mbegu. Nilizipanda nyuma ya nyumba, na tangu wakati ule kila mwaka naacha maganda matatu yakauke mtini, ili nisipoteze mbegu ya mama yangu.

Nimezifunga ndani ya barua hii. Ziloweke usiku mmoja kabla ya kuzipanda. Ami yako watoto wake wote wamehamia Unguja, yuko peke yake sasa pale nyumbani. Nimempigia jana. Anasema pahala ameshapasafisha, na vile vifuu vyenu, vingine bado vipo.

Baba yako