Kwa waongozaji wapya wa Bagamoyo: marudio ya Kiingereza yaanzie kwenye Kiswahili chenu

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza wageni hapa Bagamoyo, hongereni. Mnatembea na mgeni kutoka magofu ya Kaole hadi Misheni ya Kikatoliki mkiongea naye bila kukwama, na hilo si jambo dogo. Lakini makosa yenu ni yale yale ya waliowatangulia, na kinachoniuma ni namna mnavyojiandaa msimu ukikaribia. Mnafungua jedwali la tensi, mnalikariri juu hadi chini, kisha mnaandika orodha ya maneno magumu. Jedwali hilo mnalijua tangu sekondari! Mtu aliyefika B2, yaani kiwango cha kati cha juu, hakosei kwa sababu hajui Kiingereza. Anakosea kwa sababu Kiswahili chake safi kimeshaipanga sentensi kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo rudieni pale ambapo lugha hizi mbili haziendi sambamba, mengine yaacheni.

1. Kiambishi -me-. Hapa tukae, maana hata wenye Kiingereza kizuri wanaanguka hapa. Shuleni mliambiwa -me- ni "have" au "has", na mkaishia hapo. Kumbe -me- ina kazi tatu, na ni moja tu inayolingana na "have".

Kazi ya kwanza ni tendo lililokwisha ambalo matokeo yake yapo sasa hivi. "Nimepoteza tiketi" ni "I have lost the ticket". Hapo hakuna shida.

Kazi ya pili ni hali. Amelala, amesimama, amekaa, amechoka, amevaa kofia. Kiswahili kinaonyesha hali kwa -me-, Kiingereza kinataka "is": "he is asleep", "she is standing", "they are tired", "he is wearing a hat". Mgeni akiuliza alipo mlinzi nawe ukajibu "he has slept", anaelewa kwamba mlinzi ameshapata usingizi wake na sasa yuko macho. Umesema kinyume cha ulichokusudia, na mgeni hawezi kujua kwamba umekosea.

Kazi ya tatu ndiyo inayowaumbua kila siku kazini. Katika mazungumzo tunasema "wameondoka jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali. Ukishataja wakati uliofungwa, iwe jana, wiki iliyopita au mwaka fulani, "have" inaondoka. Na kazi yenu ni kutaja miaka tangu asubuhi hadi jioni! "The Germans have built the Boma in 1897" ni kosa, sema "built". "The mission was founded in 1868." "Livingstone's body was brought here in 1874." "The capital moved to Dar es Salaam in 1891."

Sasa geuza upande wa pili. Jambo lililoanza zamani na bado lipo, Kiswahili kinalisema kwa wakati uliopo: "Misheni ipo hapa tangu 1868", "naishi Bagamoyo tangu utotoni". Ndiyo maana mnasema "the mission is here since 1868". Hapa sasa ndipo Kiingereza kinapoidai "have": "the mission has been here since 1868", "I have lived in Bagamoyo since childhood". Yaani mnaitia mahali isipotakiwa na kuiondoa inapotakiwa.

Zoezi lake ni hili. Andika maelezo yako ya ziara kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Pigia mstari kila -me- na kila "tangu". Juu ya kila -me- andika herufi moja: T kwa tendo lenye matokeo, H kwa hali, W kwa wakati uliofungwa. Ndipo utafsiri. Ukimaliza, jirekodi kwa simu dakika mbili bila kusoma, sikiliza, uandike neno kwa neno ulichosema. Usiruke hatua hiyo ya kuandika, maana sikio lako linakusamehe, karatasi haikusamehe.

2. "Wapagazi walikuwa wakipumzika hapa." Umbo hili la Kiswahili halitofautishi mazoea na tendo lililokuwa likiendelea wakati fulani. Mkisema "porters were resting here", mgeni anangoja mseme nini kilitokea walipokuwa wakipumzika. Mazoea ya zamani ni "used to rest".

3. -nge- inakaa pande zote mbili: "ningejua, ningekuambia". Ndiyo maana mnaweka "would" mara mbili. Upande wa "if" unataka "knew", au "had known" kama jambo limeshapita: "if I had known, I would have told you".

4. Viungo vya ziada. "Ingawa... lakini" ni Kiswahili kizuri, "although" haitaki "but". "Kitabu nilichokinunua" kinakitaja kitabu tena kwa -cho- na kwa -ki-, Kiingereza hakirudii hivyo: "the book I bought", si "the book which I bought it". "Nieleze" inambeba mtu ndani ya kitenzi, lakini ni "explain to me". Na "yeye" haina jinsia, kwa hiyo ukimtaja mama yako angalia usiteleze kwenye "he".

5. Msamiati. Acheni kuandika neno moja moja. Andika fungu zima, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia: mvua kubwa, "heavy rain", nasikia harufu, "I can smell something", kufanya kosa, "make a mistake", kufanya utafiti, "do research". Mafungu manane kwa siku yanatosha. Funika upande wa Kiingereza, sema kwa sauti, ndipo ufunue. Rudia kesho yake, siku ya tatu, ya saba, na ya ishirini na moja. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau sana mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachanishwa yanashinda kukesha usiku mmoja. Kusoma orodha kwa macho tu hakuhesabiki, kunakupa imani kwamba unajua.

6. Swali la kukanusha. Mgeni anauliza: "Isn't Kaole open today?" Pamefungwa, nawe unajibu "yes", kwa maana ya "ndiyo, hapajafunguliwa". Kiswahili kinajibu swali lilivyoulizwa, Kiingereza kinajibu hali ilivyo: pamefunguliwa ni "yes", pamefungwa ni "no". Mpaka mtakapozoea, msijibu kwa neno moja. Semeni "no, it's closed", mgeni asije akatembea na jua lote lile kwenda kukuta geti limefungwa.