Heda ndefu kwenye Mustang ya 1990: angalia haya kwanza

Ndugu, umeuliza kama inafaa kung'oa heda fupi (mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda) za gari lako la Ford Mustang la 1990, lenye injini ya V8 (silinda nane) ya lita 5.0, uweke ndefu. Inafaa, ila usinunue heda peke yake. Ndefu huishia nyuma zaidi chini ya gari, kwa hiyo bomba la kati ulilonalo, linalounganisha heda na mabomba ya nyuma, halitaingia. Utahitaji bomba la kati lililo fupi zaidi, na sensa za oksijeni (zinazopima oksijeni kwenye moshi) zikihamia nyuma waya zake zirefushwe.

Faida yake ni ya kweli. Moshi wa silinda moja ukitoka kwa kasi huacha mvuto unaofyonza moshi wa silinda nyingine, na bomba refu huupa mvuto huo muda wa kufanya kazi. Injini ikiwa bado ya kiwandani, chukua kipenyo cha inchi 1 na 5/8. Mabomba mapana zaidi hupunguza kasi ya moshi injini inapozunguka polepole.

Kinachonitia wasiwasi ni katalisti, vifaa vya kusafisha moshi vilivyo kwenye bomba la kati utakalobadilisha. Sheria ya Marekani hairuhusu kuziondoa kwenye gari la barabarani, na California ina masharti makali zaidi, hata kwa heda zenyewe. Uliza kabla ya kulipa. Pima pia nafasi kwenye mhimili wa usukani, na injini ikishapata moto na kupoa, kaza bolti zote upya.