Docker Hub kwa timu ndogo: andikeni namba ya toleo

Mkuu, umesema mko watatu, wewe hapa Dodoma, mmoja Singida, mwingine Mpwapwa. Mfumo ni uleule, kwako unawaka, kwao unagoma, na unauliza kama kuweka mazingira yote Docker Hub, ghala la mtandaoni la imeji (vifurushi vyenye programu na kila inachohitaji ili iwake), kutawasaidia. Kutawasaidia sana, ila lipo kosa moja naomba msilirudie.

Septemba 2023, msimu wa pili wa zabibu, tulikuwa na mfumo wa kupokea mizigo ya wakulima kwenye ghala moja upande wa Mpunguzi. Kwenye faili letu la mipangilio tuliandika postgres:latest, yaani imeji ya Postgres, programu ya databesi, yenye tagi (jina la toleo) latest, maana yake ya karibuni. Tarehe 14 mwezi ule Postgres 16 ikatoka. Siku chache baadaye mwenzetu akavuta (akapakua) imeji upya, akijua anasafisha tu, na databesi ikakataa kuwaka, kwa sababu data iliandikwa na toleo la 15, na la 16 haliifungui hivi hivi. Wakulima wako foleni na makreti, zabibu zinalainika kwa jua, sisi tunaandika kilo kwenye daftari. Tulipoandika postgres:15 kila kitu kilirudi, hakuna rekodi iliyopotea, lakini kugundua hilo kulitumaliza kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Bado inaniuma, maana wale wazee walituamini.

Kumbe latest ni jina tu, mwenye imeji analihamisha anapotaka. Hata tagi yenye namba inaweza kuhamishwa. Kisichobadilika ni ile alama ndefu inayoanza na sha256, na kwenye seva inayohudumia watu mimi naandika hiyo.

Imeji zenu pia zipeni namba, na Dockerfile, faili lenye maelekezo ya kujenga imeji, ikae Git (mfumo wa kutunza matoleo ya faili) pamoja na kodi ya programu. Imeji isiyo na Dockerfile ni kama ugali uliopikwa na mtu aliyehama: mnaula, kuupika tena hamjui.

Pasiwedi msiiweke ndani kabisa. Imeji hujengwa kwa matabaka. Ukinakili faili la siri kwenye tabaka moja kisha ukalifuta kwenye linalofuata, lile la chini bado linalo, na yeyote anayevuta imeji ya wazi atalisoma. Liorodhesheni kwenye .dockerignore, faili la orodha ya visivyoingia kwenye imeji, siri mzipitishe wakati wa kuwasha kontena (imeji ikiwa inafanya kazi). Kama imeji yenye siri imeshapanda Docker Hub, badilisheni pasiwedi leo, kufuta imeji pekee hakutoshi.

Kuhusu bando la huyo wa Mpwapwa: tumieni imeji za slim (zilizopunguzwa ukubwa), na kwenye Dockerfile sakinisheni maktaba kwanza, kodi yenu inakiliwe mwishoni. Mkibadilisha kodi, atavuta tabaka la juu tu. Mara ya kwanza mpelekeeni kwa fleshi: docker save kwako (inaihifadhi imeji kama faili), docker load kwake (inaipakia).

Yupo mwenye Mac ya M1? Jengeni imeji ya arm64 (aina ya prosesa ya Mac hiyo) na ya amd64 (ya kompyuta za Intel na AMD).

Weka Dockerfile yenu hapa, bila siri, niipitie jioni.