Ukishaugua dengi, usijione umekingika

Mwaka 2014, homa ya dengi ilipolipuka Dar es Salaam, niliugua nikiwa Sinza, nikadhani ni malaria na kumeza dawa ya mseto bila kupima, huku macho yakiniuma kwa ndani. Nilipopona nilijihesabu kama mtu aliyechanjwa. Mlipuko wa 2019 ndio ulionisahihisha.

Mbu wa Aedes, mwenye madoa meupe miguuni na anayeuma mchana, huacha virusi kwenye ngozi pamoja na mate yake. Kirusi hakivunji seli ili kiingie. Hujibandika juu yake kwa protini za ganda lake, nayo seli hukunja utando wake na kukimeza kikiwa ndani ya kifuko kidogo. Kifuko hicho huzidi kuwa na tindikali, na tindikali hiyo, ambayo mtu angetarajia ikiangamize, ndiyo inayokifungulia njia: protini hubadilika umbo, ganda huungana na utando wa kifuko, na chembe za urithi humwagika ndani ya seli, ambayo sasa hufanyishwa kazi ya kuunda virusi vipya.

Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba virusi vya dengi ni vya aina nne. Kingamwili, yaani protini ambazo mwili huunda kupambana na kirusi, zilizoundwa dhidi ya aina moja zaweza kuishika aina nyingine bila kuidhoofisha, na kwa kuwa baadhi ya chembe nyeupe za damu zina vipokezi vya kunasa kingamwili, huzivuta ndani pamoja na kirusi kilichoshikwa, nacho kikapata seli zaidi za kuzaliana. Ndiyo maana dengi ya pili huwa na hatari zaidi ya kuwa kali.

Yangu ilikuwa hivyo. Siku ya nne homa ilishuka, nikaanza kunyoosha mashati ya kazini. Jioni tumbo likakaza na fizi zikatoka damu. Kwa hiyo, homa ikishuka, msiache kumwangalia mgonjwa: akiumwa tumbo sana, akitapika mfululizo au akitoka damu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na aseme kama aliwahi kuugua. Kwa maumivu atumie parasetamoli kwa kipimo sahihi na anywe maji mengi. Diklofenaki, ambayo muuza duka la dawa alinisisitizia kwa ajili ya viungo, pamoja na aspirini na ibuprofeni, huongeza hatari ya kuvuja damu.

Nyumbani, kumwaga maji ya pipa hakutoshi, kwa sababu mayai ya Aedes hung'ang'ania ukutani mwa chombo na huweza kuishi makavu kwa miezi. Mimi husugua pipa langu kwa brashi kila Jumamosi, kisha nalifunika.